Mwongozo wa Kurithi Nyumba ya Babu Kariakoo Bila Kufikishana Polisi

Kama babu yako aliacha nyumba ya vyumba sita Kariakoo, na tangu azikwe hakuna mtu aliyekanyaga mahakamani kufungua mirathi, mwongozo huu ni wako. Usinijibu kwamba kwenu mnapendana. Watu wote niliowaona wakinyang'anyana nyumba za Mtaa wa Sikukuu, wa Swahili na wa Mchikichi walikuwa wanapendana. Walipelekeana futari, walibebeana majeneza, waliitana Idi kula pilau. Kisha siku moja dalali akasimama barazani, akainua macho kwenye paa, akauliza, "Hii nyumba ya nani?" Wakajibu watu wanne kwa mpigo, kila mmoja na jina lake.

Swali la dalali lina jibu moja tu zuri: nyumba ni ya marehemu fulani bin fulani, aliyefariki tarehe fulani, msimamizi wa mirathi yake aliyeteuliwa na mahakama ni fulani, na warithi wake ni hawa. Ukoo unaoweza kulitoa jibu hilo kwa pumzi moja una nyumba. Usioweza una mahali pa kulala tu, na hapo pa kulala pana mtu anapapigia hesabu.

Uzito wote unatokana na ardhi iliyo chini ya nyumba hizo. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi hapa, na jina likabaki. Baadaye mji ukakatwa kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na biashara, na ya tatu, Kariakoo na Ilala, ya Waafrika, Mnazi Mmoja ikiachwa wazi katikati ili watu wasichanganyike. Mwafrika wa kanda ya tatu alikalia kiwanja kwa haki ya muda mfupi. Alilipa kodi, akapewa stakabadhi. Nyumba zilijengwa kwa miti na udongo, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, uani nyuma, baraza mbele. Leo penye baraza ile pana fremu za maduka ambazo mtu huingia kwa kilemba kabla hata ya kulipa pango. Kiwanja ambacho babu alikilipia kodi kwa mshahara wa kuli wa bandarini kinatamaniwa na watu wasiojua hata jina lake. Wajukuu zake wengi nao hawalijui.

Anza na shangazi, wakili baadaye

Kila ukoo wa Kariakoo una shangazi mmoja anayejua yote. Ndiye anayejua babu aliingia mjini na nani, alioa wapi, alimwacha nani, na yule mtoto wa Mtaa wa Pemba ambaye huletwa kwenye harusi lakini hatajwi kwenye vikao ni wa nani. Mwendee na daftari la kurasa nyingi na kalamu mbili. Mpigie shikamoo kwa adabu, kaa chini, kunywa chai atakayokupa, na usianze na nyumba. Anza na watu. Ukianza na nyumba atadhani umetumwa, na atakuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa kuwa waliomjia kabla yako wote walianza na nyumba.

Andika kila jina analotaja, na kila mtu umwandike na majina yake yote. Mzee wa Kariakoo alikuwa na jina la nyumbani kwao, Rufiji au Uzaramo au Unyamwezi. Jina la dini. Jina la kazi, Mpishi au Seremala au Fundi. Na jina la utani lililoshinda yote hayo. Kwenye stakabadhi ya kodi ameandikwa moja, kwenye cheti cha kifo jingine, na barua ya ofa ya kiwanja ina la tatu, limeandikwa na karani aliyesikia vibaya. Hakimu hamjui babu yako. Kwake hao ni watu watatu mpaka uthibitishe kwa hati ya kiapo na kwa mashahidi kwamba ni mtu mmoja. Mashahidi hao ni wazee, na wanapungua kila msimu wa masika.

Shangazi akisema, "Huyu tulimzika mwaka wa mafuriko," usimkatize. Andika, kisha uulize nani mwingine alizaliwa au aliolewa mwaka huo. Hivyo ndivyo tarehe zinavyopatikana. Uliza pia daftari la hitma, ile orodha ya marehemu wanaosomewa dua. Nimeona ukoo mzima wa vizazi vinne umehifadhiwa kwenye daftari la shule lenye jalada lililochakaa, majina yamepangwa mmoja chini ya mwingine kwa wino wa rangi tofauti kadiri miaka ilivyokwenda. Familia hiyo ilikuwa na hazina kubwa kuliko hati ya kiwanja, na ilikuwa imeliweka daftari hilo kabatini chini ya masufuria.

Wakulima wa Uingereza walirahisishiwa kazi hii ya kuandika ukoo na serikali na kanisa. Tangu 1538 kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na usajili wa serikali ukaanza 1837. Mjukuu wa mkulima wa kule hufungua kitabu na kumkuta babu wa babu yake. Kwa upande wa urithi walirahisisha kikatili: mpaka sheria zilipobadilishwa mwaka 1925, mwenye shamba akifa bila wosia ardhi ilikwenda kwa mwana wa kwanza wa kiume. Kent ndiko hasa wana wa kiume waligawana sawa kwa kawaida yao ya zamani. Shamba lilibaki zima, wadogo zake wakaenda jeshini, mijini au makoloni, na baadhi yao ndio waliokuja kutupimia viwanja. Sisi hatukuwa na kitabu cha parokia, na kwetu wote wanarithi. Ndiyo sababu sisi tunahitaji daftari kuliko wao.

Wala msiseme haiwezekani. Ukoo wa Sykes wa Kariakoo umefanya. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, aliyeletwa na Wajerumani katika jeshi la Hermann von Wissmann. Mwanawe Kleist alizaliwa 1894, akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha African Association mwaka 1929, na kabla ya kufariki 1949 aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake Daisy akazifanyia kazi, zikachapishwa 1973 katika kitabu alichokihariri John Iliffe. Kwa hiyo leo yeyote anaweza kuufuata ukoo ule kutoka kijiji cha Msumbiji hadi kwa Abdulwahid, Ally na Abbas, wana wa Kleist walioingia katika siasa za kudai uhuru. Mtaa wa Kipata sasa unaitwa kwa jina la Kleist Sykes. Watasema ule ni ukoo wa watu wakubwa. Mimi nasema ni ukoo uliokuwa na mzee aliyekaa chini akaandika, na mjukuu aliyesoma alichoandika. Kuli anaweza kusimuliwa na kuandikwa vilevile.

Tarehe ya kifo ni fedha

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua mzee Muislamu, mfano wa wengi, aliyefariki 1962. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, wote wa mama mmoja. Yakishatolewa gharama za mazishi, madeni, na wosia usiozidi theluthi, mke mwenye watoto ana thumni, na watoto wanachukua kilichobaki, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Nyumba inagawanyika mafungu 8 bila mabaki: mama 1, kila binti 1, kila mwana 2. Laiti wangekwenda kwa hakimu mwaka ule, hesabu ingeisha saa ya adhuhuri.

Hawakwenda. Walisema nyumba ni ya wote. Mama akafariki 1975, fungu lake likawarudia watoto, sasa nyumba ina mafungu 56: kila mwana 16, kila binti 8. Mwana mkubwa akafariki 1990, ameacha wake wawili, wana watatu na binti mmoja. Mafungu yake 16 yakagawanyika: wajane wake fungu 1 kila mmoja, kila mwana wake 4, binti yake 2. Mwaka 2004 akafariki binti mmoja wa mzee, hana mume wala mtoto. Mafungu yake 8 yakaenda kwa ndugu zake walio hai: kaka 4, dada zake wawili 2 kila mmoja. Watoto wa kaka aliyekufa hawapati kitu kwa shangazi huyo, maana ndugu wa baba na mama yupo hai na anawazuia.

Basi leo, katika mafungu 56, mwana aliyebaki ana 20, mabinti wawili walio hai wana 10 kila mmoja, wana watatu wa marehemu kaka yao wana 4 kila mmoja, dada yao ana 2, na wajane wawili wana 1 kila mmoja. Mafaqihi wanaliita jambo hili munasakha, kifo juu ya kifo kabla mali haijagawanywa. Na tazama: kama yule binti asiye na mtoto angefariki 1985, kabla ya kaka yake mkubwa, sehemu ya mafungu yake ingepita kwa kaka huyo, na wajane na watoto wake wangekuwa na zaidi. Tofauti yote imo kwenye mwaka mmoja wa kifo, ule ambao shangazi anaukumbuka na ninyi hamjauandika.

Nyumba ikiuzwa shilingi milioni 560, fungu moja ni milioni 10. Bi mdogo wa yule mwana mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwambia tangu 1990 kwamba hana chake na anakaa kwa hisani, ana milioni 10 zake, na hakuna baba mdogo duniani wa kumhisani kwa mali yake mwenyewe. Yule anayejiita mwenye nyumba kwa sababu ndiye mkubwa aliyebaki, na amekuwa akikusanya pango la fremu mbili za mbele miaka yote, ana 20 katika 56. Hata nusu hajafika. Mwonyesheni hesabu mbele ya watu, kwa heshima, kwa maandishi makubwa.

Jueni pia sheria ipi inawahusu, maana Tanzania inazo tatu. Kuna ya Kiislamu, kama hapo juu. Kuna ya mila, iliyoandikwa katika matangazo ya serikali ya 1963. Na kuna ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyoletwa na Waingereza na bado inatumika kwa wengine: kwa asiye na wosia, mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili, na mjukuu aliyefiwa na mzazi husimama mahali pa mzazi wake. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, kama ilivyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969 katika mirathi ya Innocent Mbilinyi. Mtu aliyezaliwa Kariakoo, akafunga ndoa kanisani, akaishi na kufa mjini, hageuzwi kuwa mtu wa mila siku ya mazishi kwa sababu tu baba mkubwa ameshuka stendi na fimbo.

Na hapo nitasema kwa sauti. Kanuni za mila za 1963 zilimweka binti nyuma kabisa katika urithi na zikamwacha mjane bila fungu. Mwaka 1990 Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyerithi ardhi kwa baba yake, alishinda Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, ambaye alisema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliiambia Tanzania kwamba wajane wawili walioporwa urithi kwa kanuni hizo walidhulumiwa. Basi anayekuja kwenye kikao chenu na hoja ya "mwanamke harithi" amechelewa. Na akiwa Muislamu amechelewa karne kumi na nne, kwa kuwa binti ametajiwa fungu lake katika Qurani, na anayemnyima kwa jina la dini anaisingizia dini.

Namna ya kuwatambua wageni wa kikao

Kikao cha ukoo hufanyika uani baada ya arobaini, viti vya plastiki vya kukodi, wanawake mkekani. Nimekaa kwenye vikao hivi vya kutosha kuwajua wahudhuriaji.

Yupo anayelia kuliko mjane. Mpeni maji, mwacheni atulie, kisha muulizeni kwa upole cheti chake cha kuzaliwa. Akiwa mtoto wa marehemu kweli, atakileta au ataleta mashahidi, na apokelewe kwa mikono miwili hata kama mama yake hakuwahi kuvuka kizingiti hiki. Akiwa si mtoto, mtamwona anatafuta viatu.

Yupo bwana wa bahasha ya kaki. Kila karatasi ya nyumba iko naye: hati, stakabadhi za kodi ya ardhi, mkataba wa mpangaji. Anasema anazitunza. Mwambieni asante kwa kutunza, kisha zinakiliwe zote siku hiyohiyo kwenye duka la fotokopi la kona, na kila tumbo la uzazi lipate nakala. Anayetunza kwa nia njema atafurahi kupunguziwa mzigo. Angalieni tarehe ya hati yenyewe: haki ya kumiliki ardhi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na zipo nyumba ambazo hati zake zilikwisha muda wenyewe wakigombana.

Yupo wa Muscat, au wa London, anayehudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Huyo ana haki sawa na aliyepo, ila asiamue kwa niaba ya wanaoziba paa. Yupo kishoka anayejitambulisha kuwa mwanasheria; ulizeni yuko kampuni gani ya uwakili, na jina lake litafuteni kwenye orodha ya mawakili. Na yupo kijana aliyekaa pembeni kimya, mjukuu aliyefiwa na baba yake kabla babu hajafa. Kwa mirathi ya Kiislamu, maadamu wapo wana wa babu, kijana huyu hana fungu. Ni hukumu inayouma, na dawa yake ilikuwa mikononi mwa babu: angemwandikia wosia ndani ya theluthi. Kama babu hakuandika, warithi wenye dhamiri wanaweza kumpa kwa hiari yao. Nawaombeni mfanye hivyo.

Muhtasari wa kikao uandikwe, wote watie saini, na anayependekezwa kusimamia awe mtu mwenye muda, hesabu na aibu. Aibu ndiyo muhimu zaidi kwa kuwa hesabu anaweza kusaidiwa.

Mahakamani, na baada ya mahakamani

Chukueni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili; bila hicho hamwendi kokote, na kama babu alikufa zamani bila kusajiliwa, anzeni na usajili huo. Tangu 2021 mashauri ya mirathi na ndoa ya Dar es Salaam yanapelekwa Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke, ambako ngazi za mahakama zimewekwa pamoja. Mirathi ya Kiislamu au ya mila husikilizwa na Mahakama ya Mwanzo. Ile inayofuata sheria ya 1865 huenda ngazi za juu. Maombi yanatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimwombee mwenye pingamizi mabaya. Afadhali aseme sasa kuliko aje mwaka wa saba na zuio la mahakama siku ya kuuza.

Sasa sikilizeni vizuri jambo linaloua familia nyingi kuliko uchoyo. Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Barua ya usimamizi haimpi hata tofali moja zaidi ya fungu lake. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa, kurudisha hesabu mahakamani, na kufunga jalada. Kwa Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni yote, kisha Fomu Na. 6 ya mapato na matumizi kila mahakama inapoagiza. Kwa mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Kuna wasimamizi waliokula pango la fremu miaka mingi, wakaoa, wakajenga Mbagala, na Fomu Na. 5 hawajaigusa, huku ndugu zao wakiwaita "mwenye nyumba" kwa heshima. Acheni heshima hiyo. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda mahakamani kuomba msimamizi aitwe atoe hesabu, na asiyetoa aondolewe, ateuliwe mwingine.

Wala msijipe moyo kwamba haki haiozi. Sheria ya ukomo inampa anayedai ardhi miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu saa inaanza kuhesabu siku aliyokufa mwenyewe. Kaka anayesema "tusubiri tumalize machungu" mwaka wa kwanza ni mstaarabu. Akisema hivyo mwaka wa kumi, ana kalenda ukutani.

Mkishajua mafungu yenu, atakuja mbia. Atasema msibomoe wala msiuze; atajenga yeye ghorofa, atawapa ninyi fremu kadhaa na sakafu mbili, baada ya miaka kadhaa jengo lote litakuwa lenu. Mpango huu umeziokoa familia nyingi zisihamie Chanika, siukatai. Ila mkataba usainiwe na warithi wote, wajane wakiwemo, mbele ya wakili wenu, si wa kwake. Uandikwe nani ana kibali cha ujenzi, nani mhandisi, nani anawalipia pango wakati wa kujenga, na nini kitatokea mbia akifa au akifilisika. Kagueni pia anachochimba. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo, pembeni ya mitaa ya Mchikichi na Congo, na watu zaidi ya 20 wakafa chini yake, wengi wao wachuuzi na wateja waliokuja kutafuta riziki ya siku. Mrithi anayechukua pango la jengo hawezi kusema nguzo hazimhusu.

Na kwa mzee aliye hai

Sehemu hii ni fupi na imeelekezwa kwako, babu, bibi, baba, mama, mwenye jina lako kwenye hati. Watoto wako wanaona haya kukuuliza, kwa hofu utasema wanakuombea ufe. Waondolee haya hiyo. Andika majina ya watoto wako wote, wa ndani na wa nje, na mama zao. Yule wa nje mtambue sasa ukiwa na sauti. Ukishafukiwa atalazimika kujithibitisha kwa maadui zake. Andika nani unamdai na nani anakudai. Andika kilichonunuliwa kwa fedha ya mkeo, kisije kikaitwa mirathi yako. Kama wewe ni Muislamu, una theluthi moja ya kumkumbuka mjukuu yatima au mtu aliyekuuguza ambaye si mrithi, itumie. Kama si Muislamu, wosia wako una nguvu zaidi ya hapo. Uutumie kwa haki, usimfute mtoto kwa hasira ya mwezi mmoja.

Wosia ushuhudiwe na watu wasiorithi chochote ndani yake, na usiufiche kwenye godoro. RITA, pale Mtaa wa Simu, wanapokea na kutunza wosia wa mtu yeyote, na unaweza kuubadilisha ukiwa hai. Ukitoka pale mwambie mtoto mmoja wa kike na mmoja wa kiume ulipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ni shilingi chache tu Mtaa wa Congo. Nenda kalinunue wiki hii, shangazi akiwa bado anaweza kujibu.